Flash Niliyoificha Kwenye Kompyuta ya Mama Severine

Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mnitukane. Mnitukane vizuri tu, sina neno, maana mwenyewe nimeshajitukana mpaka matusi yameniishia. Ila asije mtu kunitetea kwamba nilikuwa mdogo. Nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu, na nilijua ninachokifanya.

Mimi naitwa Fikirini. Mwaka elfu mbili na tisa nilikuwa fundi kompyuta kwenye duka la Hashil, Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Hashil ni Mwarabu wa hapahapa. Babu yake aliuza tende na kahawa kwenye fremu hiyohiyo, baba yake akauza redio, na yeye ruksa ya kuingiza mizigo ilipofunguka akaingia kwenye kompyuta za mtumba. Kontena linatoka Dubai, linamwagwa, na mimi kazi yangu ni kuchambua: hii nzima, hii mgonjwa, hii maiti.

Kipimo changu kilikuwa flash. Alinifundisha Parth, kijana wa Kihindi wa Upanga aliyekuwa anasoma chuo na kuja dukani kununua nyaya. Siku moja alinikuta nahangaika na sidii ya Windows iliyokwaruzika, akacheka mpaka akashika kaunta. "Kaka Fikirini, wewe bado unaishi na masidii?" Akatoa flash mfukoni, akanionyesha Linux. Mfumo mzima wa kompyuta, bure, hauombi leseni wala namba za siri, umo ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Lakini haunakiliwi kama wimbo ukadhani umemaliza. Lile faili lake unaliandika kwenye flash kuanzia mwanzo kabisa, vilivyomo vyote vinafutika, ili kompyuta ikiamka na kutafuta pa kuanzia iukute mfumo upo tayari mlangoni. Unaandika amri mstari mmoja: faili hili, liende kwenye flash ile. Unaangalia mara mbili hujakosea herufi ukafuta diski yako mwenyewe, halafu unabonyeza na kungoja. Ikimaliza, unaingia kwenye mipangilio ya mashine na kuiambia ianzie kwenye flash kabla ya diski.

Nilipoona kompyuta isiyo na diski kabisa inawaka, inaleta picha, inaandika, inapiga taarabu, nilipiga kelele duka zima likageuka. Parth akanikanya: "Lakini hapo hakuna kinachobaki, kaka. Inatumia kumbukumbu ya muda tu. Ukizima, ulichoandika chote kimekwenda." Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa kweli, ndiyo maana nasema asinitetee mtu.

Sasa Kariakoo mteja hanunui mpaka ajaribu. Balbu inawashwa, pasi inapashwa moto, na kompyuta inafunguliwa mezani mteja akiwa anaikodolea macho. Ikiwaka, unalipa, unabeba, ukishavuka kizingiti hatujuani. Kwa hiyo zile zilizokufa diski Hashil alikuwa ameziweka pembeni. "Hizo usiguse, Fikirini," aliniambia. "Diski zikija utazifunga, ndipo tuuze." Hashil ni mtu wa dini yake. Humu ndani hana kosa hata moja, msije mkamtia.

Basi, akaja Mama Severine. Jina lake hasa ni Clotilda, Severine ni binti yake wa kwanza, lakini siku ile mimi simjui wala hanijui. Mwanamke mrefu, hamsini na kitu, miwani imefungwa kamba shingoni, viatu vimepakwa rangi mpaka vinang'aa. Alipiga taipu kwenye shirika la umma miaka kumi na tisa, mpaka shirika likauzwa na wao wakapunguzwa. Hakulia na mtu. Alichukua taipureta yake, akaweka meza barazani Magomeni, akawa anawachapia watu barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba, viapo vya kupeleka mahakamani. Taipureta ikaja kufa kwa kukosa utepe, maana utepe wenyewe mjini hakuna tena. Ndipo akajikusanya anunue kompyuta.

Alishakuja mara mbili akakuta zimeisha. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, Hashil kaenda msikitini, mimi nimebaki. Akaingia uso mkavu, nikadhani amenuna. Nikaketi kumwandikia jina kwenye kompyuta ya dukani, na mimi kuandika kwangu ni vidole viwili, hiki na hiki. Akanitazama, akavaa miwani vizuri, akanitazama tena.

"Kijana, wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mama."

"Fundi wa kompyuta, unadonoa kama kuku?"

Loh! Wateja waliangua kicheko, na wapiga debe wa duka la jirani wakanibatiza hapohapo. Donoadonoa. Mpaka wauza maji walikuwa wananiita hivyo jioni ile. Nilicheka na mimi, cheko la uongo, lakini moyoni nilikuwa nafoka. Nikasema, huyu mama anajifanya anajua, ngoja.

Nikaingia stoo, nikachukua mashine iliyokufa diski. Nikafungua ubavu, nikachomeka tundu la flash kwenye zile pini za ndani ambazo hupeleka waya mbele ya kasha, nikaichomeka flash yangu humohumo, nikaifunga kwa utepe mweusi isicheze. Nikarudishia ubavu, nikakaza skrubu zote nne. Nikaja nayo mezani, nikawasha, ikawaka.

Mama akakaa kuijaribu. Jamani, mikono ile! Vidole kumi, macho yapo barabarani, ukurasa mzima umejaa kabla sijamaliza kumeza mate. Akasoma, akatikisa kichwa. "Hii nzuri," akasema. Akalipa, na mimi nikapata cha juu changu ambacho Hashil hakukijua. Nikamfungia kwa kamba na kumwitia mkokoteni. Na uongo nilishautayarisha: akirudi namwambia umeiunguza mwenyewe na umeme wenu wa Magomeni.

Hakurudi. Wiki ya kwanza nilikuwa namngojea, ya pili nikaanza kusahau, ya tatu nikasahau kabisa. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa mbaya, hata hajisikii.

Ikapita kama mwezi na siku kadhaa, Hashil akaniambia safari ijayo ya Dubai nitaenda mimi kuchagua mzigo, nitafute pasipoti. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa, na mimi nilizaliwa nyumbani, Magomeni, mikononi mwa mkunga. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiulizwa anasema ni mwaka wa vita vya Kagera, siku hajui. Shangazi akanipa njia. "Nenda kwa Bi Mwanamize, ndiye aliyekuzalisha. Ana mpangaji wake mpiga taipu, amewaandika watoto wote aliowazalisha bibi. Atakupa tarehe yako, ukale kiapo, upate cheti."

Mpiga taipu. Wapiga taipu mjini ni wengi, sikushtuka. Nikaenda baada ya kazi, mikono mitupu, begi nimeliacha dukani.

Ile ni nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Chumba cha mbele mlango uko wazi. Nikapiga hodi, nikainua pazia, nikamwona. Kompyuta ipo mezani, skrini imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na ile taa ndogo ya kijani inawaka.

"Shikamoo mama," sauti ilinitoka yenyewe.

"Marahaba." Akavaa miwani. "Aaa! Si kijana wa Kariakoo huyu? Donoadonoa!" Akacheka, akanishika mkono, akanikalisha. "Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mashine uliyoniuzia ni nzima kabisa, haijanisumbua hata siku moja. Unajua sijawahi kuizima?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Naogopa. Nikiizima nikashindwa kuiwasha, nani atanisaidia hapa? Mdogo wangu ni fundi betri, kanifungia betri ya gari na inveta. Mgao wa umeme ukija, inajishika yenyewe. Leo siku ya arobaini na moja."

Siku arobaini na moja. Kila alichoandika kilikuwa kinaning'inia kwenye kumbukumbu ya muda, hakijagusa diski, maana diski ni chuma kilichokufa.

Pembeni, juu ya kitanda cha kamba, alikuwa amelala nusu kukaa bibi mmoja mwenye umbo dogo, nywele nyeupe, mdomo umepinda kidogo. Ndiye Bi Mwanamize. Mama Severine akanieleza. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, lakini katika uzazi wote aliousimamia Magomeni hakusahau hata mmoja. Watu walikuwa wanakuja kila siku, bibi tuambie, mimi nilizaliwa lini, nataka cheti, nataka kustaafu, nataka mirathi. Mama Severine akaona bora yaandikwe yote mara moja. Kila mchana bibi alikaa pale, akitaja jina, mama wa mtoto, nyumba, siku ya wiki na tarehe ya mwezi wa Kiislamu, na yeye akitafuta kwenye kalenda za zamani tarehe ya kizungu. Watu mia sita na kumi na wawili.

"Tulimaliza Jumatatu," akasema. "Alhamisi kiharusi kikampiga, ulimi ukafunga. Hasemi tena hata neno. Ona Mungu alivyotuwahisha, mwanangu. Severine anakuja likizo wiki ijayo, tutakwenda kuchapisha kitabu kizima, kila mtu apate lake. Wewe nani vile?"

Nikamtajia jina langu na la mama yangu, Mwajabu. Akaondoa kitambaa, akatafuta, akanisomea kwa sauti ya mtu anayesoma mahakamani.

"Mia nne na tisa. Fikirini, mtoto wa Mwajabu, nyumba ya Mzee Awadhi, chumba cha uani. Jumatano, Mfungo Saba, ishirini na mbili. Hiyo ni tarehe ishirini na moja Machi, sabini na tisa. Bibi alisema hivi: 'Huyu alitoka kimya, hakulia. Nikampulizia puani na mdomoni mpaka mama yake akaniambia, Bi Mwanamize, basi, mwache aende. Sikumwacha. Akalia adhana ya alasiri ikiisha.'"

Bi Mwanamize alikuwa ananitazama. Sijui alinitambua, sijui hakunitambua. Jicho moja lilikuwa na maji, lakini wanasema ni ugonjwa tu.

Mama Severine akachukua kalamu, akaninakilia maneno yale kwenye karatasi, akaikunja, akanipa. "Wewe ni wa kwanza kuchukua lako tangu kazi imalizike."

Sasa hapo, ndugu zangu, hapo ndipo. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye ile mashine. Ningeweza kusema, mama, mashine hii usiizime, nina sababu. Ningeweza kukimbia barabarani kununua flash yoyote, Magomeni zinauzwa kila kona, nikanakili lile faili kwa nukta mbili, mambo yakaisha. Lakini angeuliza kwa nini. Angeuliza tu, na mimi ningelazimika kufungua ule ubavu mbele yake na kumwonyesha utepe mweusi. Nikaona haya. Haya ya kijinga, haya ya mtu aliyeitwa kuku. Nikapanga akilini: kesho nitakuja na diski nzima, nitasema ni sevisi, nitanakili, nitafunga, nitaondoka na flash yangu mfukoni, na hatajua maisha yake yote.

"Kesho nitakuja kuisafisha mashine, mama," nikamwambia. "Bure."

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema, na akanisindikiza mpaka barabarani.

Asubuhi niliamkia dukani, nikanunua diski kwa Hashil kwa hela yangu, nikatia flash tupu kwenye begi, bisibisi, kila kitu. Nikaenda Magomeni karibu nakimbia. Nilipokata kona nikaona turubai. Mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa kimya na kofia zao. Bi Mwanamize alikuwa amefariki alfajiri.

Nikasimama pale na begi langu kama mwizi aliyekuja saa mbaya. Mama Severine akatoka uani, kajifunga kanga kiunoni, macho mekundu. Yeye ni Mkristo, lakini miaka kumi na moja kwenye nyumba ile alikuwa mtoto wa nyumba. Akanishika mkono.

"Umekuja, mwanangu. Umesikia mapema hivi? Kweli wewe ni mtoto wake."

Nilitazama dirisha lake. Kimya. Nyumba nzima kimya.

"Tumezima kila kitu," akasema, kana kwamba nimemuuliza. "Redio za wapangaji, televisheni, feni. Na kompyuta nimeizima. Ule mlio wake bibi alikuwa haupendi, alikuwa analalamika tangu siku ya kwanza. Nikasema leo na mimi nimheshimu. Nimebonyeza kile kitufe cha mbele, ikazimika vizuri tu."

Nilienda kuzika. Nilishika jeneza, nilitupa mchanga, na watu walinipa pole. Tuliporudi, mtoto mkubwa wa marehemu, Muhannad, akasema anataka siku ya kuanua matanga majina ya watoto wote aliowazalisha mama yake yasomwe pale barazani, waitikiane, dua isomwe kwa pamoja. Watu wakasema amina. Mzee mmoja akasema mimi nimo, nilisomewa juzi. Mwingine akasema na mimi nimo, na mke wangu yumo.

Mama Severine akanivuta chumbani. "Iwashe basi, tuone kama ipo salama. Wewe ndiye fundi."

Nikabonyeza. Ikawaka, kwa upole, kama ilivyowaka Kariakoo. Picha ileile ya mwanzo, safi, hakuna kitu juu yake. Akasogea, akatafuta kwa macho, akashika kipanya, akafungua hapa, akafungua pale.

"Liko wapi?"

Nilichukua bisibisi, nikafungua skrubu nne, nikatoa ubavu, nikamwonyesha. Nikamweleza yote, kuanzia kuku mpaka cha juu, flash ni nini, diski imekufa vipi, kwa nini kuzima kumefuta. Nilieleza kwa haraka, nikijua nikipumzika nitakimbia. Alinisikiliza bila kunikatiza, mikono imelala mapajani.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua mama."

"Siku ile dukani?"

"Ndiyo."

"Na jana? Jana ulivyokaa hapo, nakusomea ulivyozaliwa, ulijua?"

"Nilijua."

Nilitaka anipige. Wallahi nilitaka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaiangalia, akaifuta tena. "Mimi nilikuwa nakutania tu, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimefurahi siku ile. Nilikuwa nanunua kompyuta."

Halafu akaniambia niende nikawaambie wenyewe.

Nikatoka barazani. Nilisimama mbele ya mikeka ile nikasema. Kwanza hawakuelewa, ikabidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kijana mmoja akainuka na kunikunja shati, Muhannad akamshika. "Hapa pana msiba, bwana, mwache," akasema. Yeye mwenyewe hakunitazama. Yule mzee aliyesema amesomewa juzi akawa anaulizana na mwenzake, ilikuwa mfungo gani, niliambiwa mfungo gani, mbona ilikuwa mdomoni. Mwenzake hakuijua. Walikuwa wameisikia mara moja wakaiacha, wakijua imeandikwa. Yule mzee alilia, mtu wa miaka sitini na kitu, akifuta machozi kwa kofia.

Siku ya tatu matanga yalianuliwa bila kusomwa majina. Nilirudi jioni kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Nikadhani Mama Severine atanifukuza. Akaniambia, "Funga hiyo diski yako." Nikaifunga, nikaweka mfumo juu yake, safari hii ndani ya diski yenyewe. Nikazima mbele yake, nikawasha, nikazima tena, nikawasha. Akajaribu mwenyewe mara tatu. Hakuniamini, na ana haki.

Akafungua ukurasa mpya. Akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe hiyo karatasi yako."

Nikaitoa mfukoni, nikampa. Akaiweka wima kando ya skrini, akachapa maneno yangu yote, mpaka pale pa kupuliziwa puani. Mwisho akachukua daftari, akatoka barazani kuwauliza watu mmoja mmoja.

"Wewe ulizaliwa lini?"

"Sijui. Bibi ndiye aliyekuwa anajua."

"Na wewe?"

"Sijui, mama."

Imepita miaka. Mama Severine ameendelea kukusanya kwa wale ambao mama zao wako hai, au wana karatasi ya kanisani, au wanakumbuka mvua fulani na njaa fulani. Wengine wanakuja mpaka leo, wanasimama mlangoni, wanauliza kama lao limepatikana. Mimi cheti nilikipata, na pasipoti, na Dubai nimeshaenda mara nne. Lile faili sasa lina watu thelathini na wanne. Wa kwanza ni mimi.